Mimba Kuharibika: Sayansi Inasema Nini, Dini Inasema Nini

Mwanamke akiharibikiwa mimba hapa Dar es Salaam, sababu humfikia kabla ya daktari. Mama mkwe anakumbusha ile ndoo ya maji aliyoipandisha ghorofani. Jirani anasema ni jicho. Shangazi anasema huo ni mchango, yaani ule ugonjwa wa tumbo unaosemwa mtaani kuwa huwapata wanawake, na mwenye dawa yupo Mbagala. Kwenye mkesha wa maombi anaambiwa kuna laana ya ukoo haijavunjwa. Sababu zote hizo zinaishia kumtwisha lawama mwanamke mwenyewe, au kumtafutia adui. Ndiyo maana tumeona katika idara yetu ya afya ya uzazi tuliseme jambo hili wazi, upande wa tiba na upande wa imani, kwa kuwa wanaokuja kwetu ni waumini, nasi tunaowahudumia ni waumini pia.

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Daktari, nimekosea wapi?" Kwa sehemu kubwa ya mimba zinazotoka mapema, jibu la kweli ni kwamba hakukosea popote. Katika kila mimba 10 zilizothibitishwa kwa kipimo, 1 mpaka 2 huharibika, na nyingi huharibika ndani ya wiki 12 za mwanzo. Takribani nusu ya hizo za mapema huwa na hitilafu ya kromosomu, yaani vijiuzi vilivyomo ndani ya seli vinavyobeba maelekezo ya kuujenga mwili. Binadamu ana kromosomu 46, yaani 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Yai au mbegu inapotengenezwa, hesabu hiyo inaweza kuzidi au kupungua. Mimba inatunga, inaanza kukua, kisha inafika mahali haiwezi kuendelea. Hakuna chakula, kazi wala ugomvi wa nyumbani unaoweza kuzidisha au kupunguza kromosomu ya yai lililokwisha kurutubishwa. Kinachoongeza uwezekano huo hasa ni umri: mama akifika miaka 40, mimba zinazoharibika hukaribia 4 katika kila 10.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila mama mkwe wa mji huu alielewe. Damu huchelewa. Mama anakuja akihesabu wiki 10, ametoka damu tangu alfajiri, na anakumbuka kwamba jana yake daladala ilimrusha kwenye mashimo. Tunapopima kwa ultrasaundi tunakuta kijusi chenye ukubwa wa wiki 7, na moyo haupigi. Wakati mwingine tunakuta mfuko wa mimba uko mtupu kabisa. Maana yake ukuaji ulisimama wiki 2 au 3 kabla ya ile safari. Mwili ulikuwa bado haujaitoa mimba, basi. Lakini kwa kuwa tukio la jana ndilo lililo karibu na damu, watu hulishika hilo na kulifanya chanzo. Mimba changa imehifadhiwa ndani kabisa ya nyonga. Ndoo ya maji, kuinama kufua, tendo la ndoa na safari ya daladala haviitoi mimba iliyo salama. Ajali kubwa na kipigo ni habari nyingine, na mwanamume anayempiga mke mjamzito asijifiche nyuma ya maelezo haya.

Zipo pia sababu zinazotibika, na hapa tunahitaji watu waje kliniki mapema. Malaria inaweza kuharibu mimba, na mji wetu bado una mbu. Kuanzia miezi minne hivi mama hupewa vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria, kila anapohudhuria kliniki, na hupewa chandarua chenye dawa. Kaswende nayo huua watoto tumboni kimya kimya. Kipimo chake ni cha tone la damu, na tiba yake ni sindano ya penisilini, kwa mama na mwenzi wake. Kisukari kisichodhibitiwa, matatizo ya tezi ya shingo, uvimbe ndani ya kizazi, na hali inayofanya damu igande kupita kiasi, vyote vinaweza kuwa chanzo. Kwa anayepoteza mimba za miezi minne au mitano bila uchungu mkubwa, huenda mlango wa kizazi hauna nguvu ya kukaa umefungwa, na unaweza kushonwa mapema katika mimba inayofuata.

Kuhusu mchango, nasema kwa heshima. Jina hilo hubeba maumivu mengi ya wanawake, kuanzia hedhi inayouma hadi maambukizi ya kizazi, na maumivu hayo ni ya kweli. Lakini mizizi isiyojulikana kipimo, ikinywewa na mjamzito, inaweza kukikaza kizazi chenyewe au kuumiza ini na figo. Tumewapokea waliokunywa ili kuilinda mimba wakafika kwetu hali ni mbaya.

Sasa upande wa imani. Wako wanaodhani tukitaja kromosomu tunamtoa Mungu. Sivyo. Sayansi inaeleza namna jambo lilivyotokea, na muumini anabaki na haki ya kusema ni qadari ya Allah au ni mapenzi ya Bwana. Tunachokataa ni kulitumia jina la Mungu kumhukumu mama. Na tukirejea vitabu vyenyewe, tunakuta onyo hilo limo humo.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim akiwa bado mchanga. Siku ile jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo cha mtoto huyo. Ingekuwa rahisi kuwaachia, hasa kwa baba mwenye msiba. Badala yake aliwasahihisha: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Alilia, akasema jicho linatoka machozi na moyo una huzuni, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Majonzi aliyaruhusu, sababu ya kubuni aliikataa. Qur'ani nayo, Sura ya Al-Hajj aya ya 5, inataja pande la nyama lenye umbo na lisilo na umbo, na Mujahid, mmoja wa wafasiri wa mwanzo, alisema hapo inazungumziwa mimba inayotoka. Muislamu anayeamini jicho anazo dua za kujikinga. Dua hizo hazimpi ruhusa ya kumtuhumu jirani bila ushahidi.

Kwa Wakristo, wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9). Marafiki wa Ayubu nao walikaa wakimtafutia kosa mtu aliyefiwa na watoto wote, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Mchungaji au kiongozi wa maombi anayemwambia mama aliyetoka kusafishwa wodini kwamba dhambi yake ndiyo iliyomtoa mtoto, amekaa kwenye kiti cha marafiki wale.

Kwa mwenye damu sasa hivi, haya ni ya haraka. Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa damu inalowesha pedi 2 kwa saa na haipungui, ikiwa kuna homa au uchafu wenye harufu, au ikiwa una maumivu makali upande mmoja pamoja na kizunguzungu, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Wengine hubaki nyumbani kwa kuogopa kuulizwa kama wameitoa wenyewe. Tiba ya mimba iliyoharibika hutolewa bila kujali ilianzaje, na kuchelewa ndiko kunakoua. Waambie pia wakuangalie kundi la damu. Mwenye kundi la damu lenye alama ya hasi (Rh hasi) anaweza kuhitaji sindano ya kulinda mimba zijazo.

Mimba kuharibika mara moja hakumaanishi kizazi kibovu. Wengi hujifungua salama safari inayofuata, na hata waliopoteza mimba 3 bila sababu kuonekana, zaidi ya nusu yao hupata mtoto baadaye. Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki 2, kwa hiyo asiye tayari aulizie uzazi wa mpango kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Waliopoteza mimba 2 au zaidi waje wapimwe, na waje wote wawili. Hitilafu za kromosomu zinaweza kutoka kwa mume pia, na kaka anayeshauriwa na ndugu zake aoe mwingine anapaswa kwanza kukaa kwenye benchi la kliniki na mkewe, atolewe damu naye.