Kipepeo wa misonobari ni yupi hasa?

Kipepeo wa misonobari ni yule ambaye viwavi wake hula majani ya msonobari, au ya miti ya jamii yake, hadi wapevuke. Maana ni hiyo tu. Utata huletwa na mazoea ya kumpa jina hilo kila kipepeo aliyepigwa picha akiwa ametua juu ya miti ya aina hiyo.

Anayebandikwa jina hilo mara nyingi ni monaki, Danaus plexippus, ambaye kila mwaka huhama kwa mamilioni kutoka Kanada na Marekani hadi milima ya kati ya Mexico, yapata mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, akapitishe majira ya baridi katika miti ya oyamel. Miti hiyo, jamaa ya msonobari, humkinga na jalidi na mvua, na matawi yake huinama kwa uzito wa vipepeo waliogandamana. Hata hivyo, kiwavi wa monaki hali oyamel kamwe. Hula mimea ya jenasi Asclepias, yenye utomvu mweupe, inayoota kwenye maeneo ya wazi mbali na hapo. Monaki ni mgeni msituni, tena mgeni wa msimu.

Mwenyeji ni Neophasia menapia wa magharibi mwa Marekani na Kanada, kipepeo mweupe mwenye michirizi myeusi mbawani. Jike hupanga mayai yake ya kijani kwa safu kwenye jani moja la msonobari, lililo kama sindano, nayo hukaa hapo majira yote ya baridi. Viwavi wakianguliwa huanza kula kwa makundi, na rangi yao ya kijani yenye mistari myeupe huwafanya wapotee machoni kati ya majani. Wakiongezeka kupita kiasi, huweza kuuacha mti karibu mtupu. Mzazi wao, ni kweli, hushuka kufyonza maua. Ndiyo maana kigezo si chakula cha kipepeo mpevu bali cha kiwavi.

Kwa hiyo monaki wa Mexico aitwe kipepeo anayekimbilia msituni majira ya baridi, na jina la kipepeo wa misonobari abaki nalo Neophasia. Tofauti hiyo ina uzito pia katika uhifadhi, kwa kuwa kulinda oyamel peke yake humpa monaki makazi ya miezi michache, ilhali uzazi wake hutegemea Asclepias.