Bourj Hammoud: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu manispaa ya Waarmenia wa Lebanon

Ukivuka Mto Beirut kuelekea mashariki unaingia Bourj Hammoud. Waafrika wengi waliofanya kazi za nyumbani Lebanon, Wakenya wakiwemo, wanapafahamu, hasa upande wa Dora. Siku za Jumapili wafanyakazi wa kigeni hukutana huko, wakanunua vyakula vya kwao na kutuma pesa nyumbani. Lakini historia ya utawala wa mji huu husimuliwa ovyo, na makosa yaleyale hurudiwa hata na watu walioishi hapo miaka. Nadhani unastahili kusimuliwa vizuri zaidi, kwa sababu unaonyesha wazi jinsi watu waliofika bila kitu walivyoweza kujipatia serikali yao ya mtaa, na pia nani aliachwa nje ya serikali hiyo.

"Ni kambi ya wakimbizi"

Kambi ilikuwepo, ila ilikuwa Karantina, ng'ambo ya pili ya mto, karibu na bandari. Walionusurika mauaji ya kimbari ya Waarmenia katika dola ya Osmania, yaliyoanza mwaka 1915, walimiminika Beirut, hasa baada ya Ufaransa kukubali mwaka 1921 kuondoka Kilikia, eneo lililo kusini mwa Uturuki ya leo. Waliishi kwenye mahema, kisha vibanda vya mbao na mabati.

Bourj Hammoud ilikuja baadaye. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, watu waliotoka mji mmoja walijiunga katika vyama vyao, wakachanga, wakanunua viwanja katika mashamba na vinamasi vya mashariki ya mto. Walisaidiwa na ofisi ya wakimbizi iliyopewa jina la Fridtjof Nansen pamoja na utawala wa Kifaransa, uliokuwa ukiitawala Lebanon wakati huo. Ndiyo maana mitaa ina majina ya miji iliyopotea: Marash, Adana, Sis. Mwaka 1939, Ufaransa ilipoiachia Uturuki jimbo la Iskenderun, likaja wimbi jingine la Waarmenia, na baadhi yao wakafikia hapa.

Ardhi ilinunuliwa, na wanunuzi walikuwa raia. Mkataba wa Lausanne, ulioanza kutumika mwaka 1924, uliwawezesha waliokuwa raia wa dola ya Osmania, na waliokuwa wakiishi Lebanon wakati huo, kupata uraia wa nchi hiyo. Mambo haya mawili ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata. Wapalestina waliokimbilia Lebanon mwaka 1948 wengi wao hawakupewa uraia, na mpaka leo kambi zao hazina baraza la manispaa wanalolichagua kwa sheria za nchi. Waarmenia wa Bourj Hammoud walikuwa na hati ya kiwanja na kura.

"Ni mtaa wa jiji la Beirut"

Kwa macho, hakuna mpaka unaoonekana. Kisheria, meya wa Beirut hana mamlaka huku. Bourj Hammoud iko wilaya ya Metn, mkoa wa Mlima Lebanon, na ni manispaa kamili tangu mwaka 1952. Anayetajwa zaidi katika kuundwa kwake ni padre Boghos Ariss, ambaye baadaye aliiongoza kama meya kwa miaka mingi. Dora na Nabaa zimo ndani ya eneo lake.

Wananchi huchagua baraza, nalo baraza humchagua meya miongoni mwa wajumbe wake kwa muhula wa miaka sita. Pembeni wapo mamukhtari, wanaochaguliwa kivyao, ambao kazi yao kubwa ni kuthibitisha karatasi za vizazi, vifo na makazi.

"Manispaa yao inajiamulia kila kitu"

Sheria ya manispaa ya mwaka 1977 huwapa madiwani orodha ndefu ya majukumu, lakini maamuzi mengi makubwa lazima yapitie kwa mkuu wa wilaya, mkoa au wizara ya mambo ya ndani. Mfano mchungu zaidi ni taka. Wakati wa vita vya 1975 hadi 1990, taka za Beirut zilirundikwa kwenye ufuo wa Bourj Hammoud mpaka zikawa kilima kando ya bahari. Dampo lilifungwa mwaka 1997. Mwaka 2016, baada ya dampo la Naameh kufungwa na mji mkuu kufurika uchafu, serikali kuu iliurudia ufuo uleule. Manispaa ikajikuta kati ya serikali iliyotaka mahali pa kutupa taka na wakazi waliokwisha kuishi na uchafu huo miaka mingi. Sioni hoja yoyote ya haki inayotosha kuutwisha mji mmoja mdogo uchafu wa jiji zima mara mbili.

"Waarmenia wote ni kambi moja ya kisiasa"

Chama cha Tashnag ndicho kimekuwa na nguvu zaidi katika baraza, hilo ni kweli. Lakini vyama vingine vya Waarmenia, Hunchak na Ramgavar, navyo vina historia hapa, na uhasama uliwahi kumwaga damu. Uchaguzi wa Katolikosi wa Kilikia, yaani mkuu wa kanisa lao, huko Antelias, mji ulio kaskazini mwa Beirut, mwaka 1956 uliwagawanya, na katika machafuko ya 1958 Waarmenia waliuana wao kwa wao kwenye mitaa hii. Funzo hilo lilichangia msimamo wao wa kutojiunga na upande wowote vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1975. Msimamo huo uliwagharimu: mwaka 1979 wapiganaji wa Phalange, chama cha Wakristo wa Lebanon, walipambana nao humo humo.

"Sheria imewatengea viti vya baraza"

Hapa wengi huchanganya bunge na manispaa. Bungeni, viti 128 vimegawanywa kwa madhehebu, na Waarmenia wana 6: vitano vya Waorthodoksi na kimoja cha Wakatoliki. Kwenye mabaraza ya manispaa sheria haitengi kiti kwa dhehebu lolote.

Basi mbona uongozi umebaki mikononi mwa Waarmenia, ilhali mji umejaa watu wa kila aina? Jibu liko kwenye daftari la wapiga kura. Mlebanoni hapigi kura anakoishi, anapiga kura palipoandikishwa ukoo wake, na mwanamke akiolewa huhamishiwa kwenye daftari la mumewe. Kuhama nyumba hakubadilishi kitu. Nabaa ilijaa familia za Kishia zilizotoka kusini na Bonde la Bekaa kutafuta kazi viwandani. Wanamgambo wa Kikristo waliiteka Agosti 1976 na kuwafukuza wengi. Wako waliorudi baada ya vita, pamoja na wapangaji wapya. Wanaishi na taka, umeme na maji ya Bourj Hammoud, lakini aliyeandikishwa kusini hana kura hapa. Wakimbizi wa Syria na wafanyakazi wa kigeni hawana kabisa.

Siwalaumu Waarmenia kwa kuushikilia mji walioujenga juu ya kinamasi. Lakini kanuni iliyowalinda ndiyo inayomnyima jirani yao sauti, na ukweli huo haupaswi kufichwa kwa heshima ya historia.

"Kila miaka sita watu huchagua"

Baada ya uchaguzi wa 1963, Lebanon haikufanya uchaguzi mwingine wa manispaa mpaka 1998, miaka 35. Ulifuata wa 2004, 2010 na 2016, kisha ukaahirishwa mara tatu. Hatimaye Mlima Lebanon ulipiga kura tarehe 4 Mei 2025, na Bourj Hammoud ikachagua baraza lake. Kwa wakazi wa Nabaa walioandikishwa vijiji vya kusini, zamu yao ilikuwa tarehe 24 mwezi huohuo, kuchagua madiwani wa mahali wasipoishi.