Kuchagua msambazaji wa vipuri vya magari: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Tarehe 3 Mei 2025 Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa vipuri vingi vya magari vinavyoingia nchini humo. Kabla mwaka haujaisha, kiwango cha vipuri vinavyotoka Japani na Umoja wa Ulaya kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 15. Aliyemchagua msambazaji kwa kufuata kiwango cha wiki ile alilazimika kupiga hesabu upya. Sheria zikiyumba namna hii, msambazaji wa kutegemewa ni yule anayeweza kukuonyesha, karatasi mkononi, kipuri kilitengenezwa wapi na kwa malighafi ya nani.

Dhana: "Mzigo ukipakiwa katika bandari ya nchi nyingine, asili yake ni nchi hiyo."

Hapana, na kosa hili ndilo linalogharimu kuliko yote. Asili ya kipuri hufuata mahali kilipotengenezwa, au mahali kilipofanyiwa kazi kubwa kiasi cha kuwa kitu kingine. Kubadilisha boksi, kubandika lebo mpya au kupanga seti hakuhesabiki. Beringi ya gurudumu ambayo pete na gololi zake zimetengenezwa na kuunganishwa nchi moja, kisha ikatiwa grisi na kufungashwa nchi ya pili, ni ya nchi ile ya kwanza.

Forodha wakigundua, mara nyingi wanayemshika ni mwagizaji, kwa sababu jina lake ndilo liko kwenye tamko. Atadaiwa tofauti ya ushuru pamoja na adhabu, na ukaguzi unaweza kuja muda mrefu baada ya mzigo kuuzwa. Marekani humtaka mwagizaji atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5.

Kwa hiyo kabla ya oda, omba orodha ya hatua za uzalishaji, kila hatua na anwani yake: chuma kimeyeyushwa wapi, kimechongwa wapi, kimepitishwa kwenye joto wapi, kimeunganishwa wapi. Omba pia mchanganuo wa malighafi unaoonyesha nchi na thamani ya kila sehemu. Kisha linganisha maneno na mitambo. Kiwanda cha diski za breki kisicho na tanuru hununua diski ghafi kwingine na kuzichonga tu. Hilo si kosa, lakini lazima ujue hizo ghafi zinatoka wapi, maana ushuru unaweza kuzifuata.

Dhana: "Vipuri vyote vya gari vina namba moja ya ushuru."

Katika mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa (HS), kichwa 8708 ni cha sehemu za magari, ila vipuri vingi haviingii humo. Chujio la oili ni 8421.23, tairi mpya ni 4011, plagi ni 8511.10. Pedi ya breki iliyokamilika huwekwa 8708.30, lakini malighafi ya msuguano ambayo haijafungwa kwenye bati ni 6813. Tarakimu 6 za kwanza zinafanana katika nchi zinazotumia mfumo huu; zinazofuata kila nchi hujipangia. Ukiwa na shaka, omba forodha wakupe uamuzi wa maandishi kabla mzigo haujasafiri. Usiichukue namba ya muuzaji kama ilivyo, kwani yeye huandika inayofaa kwake wakati wa kuuza nje.

Dhana: "Ana cheti cha IATF 16949, hakuna la kuhofia."

Cheti hicho, cha kiwango cha kimataifa cha ubora katika sekta ya magari, hutolewa kwa kiwanda chenye anwani yake na hudumu miaka 3. Mfanyabiashara asiyezalisha hawezi kukipata. Weka cheti kando ya orodha ya mzigo: anwani zikitofautiana, uliza kipuri kimetoka mlango gani. Halafu cheti husema kiwanda kina mfumo wa ubora. Hakisemi kipuri hiki kimepimwa. Kwa kipuri kipya dai faili la PPAP (ushahidi wa kuidhinisha kipuri kabla ya kuzalishwa kwa wingi) la kiwango cha 3, lenye vipimo, ripoti za malighafi na mpango wa udhibiti.

Pedi za breki zinastahili jicho la karibu zaidi. Geuza pedi, tazama bati la nyuma: pedi iliyoidhinishwa kwa kanuni ya R90 (kanuni ya Umoja wa Mataifa ya pedi za breki za kubadilishia) ina herufi E na namba ya nchi ndani ya duara (E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza), kisha 90R na namba ya idhini. Kanuni hiyo inataka gundi ihimili angalau niutoni 250 kwa kila sentimita ya mraba. Bati lisiposafishwa vizuri kabla ya gundi, kutu hujipenyeza chini yake na pedi hubanduka dereva akiwa amekanyaga breki. Linganisha namba ya bati na iliyo kwenye hati ya idhini, herufi kwa herufi.

Dhana: "Wasambazaji wawili ni salama kuliko mmoja."

Ni kweli iwapo hawanywi kisima kimoja. Machi 2012 mlipuko katika kiwanda cha Evonik mjini Marl, Ujerumani, ulikatiza upatikanaji wa PA12, plastiki ya mabomba ya mafuta na ya breki, na watengenezaji wa mabomba hayo waliopeana ushindani sokoni wakakwama pamoja. Aprili 2025 China ilipoweka leseni za kusafirisha madini adimu 7 na sumaku zake, waliokuwa na viwanda viwili vya mota waligundua sumaku zao ni za chanzo kimoja. Muulize kila msambazaji jina la anayempa malighafi, na akiba yake inatosha wiki ngapi.

Dhana: "Nikinunua kwa DDP, ushuru ni shida ya muuzaji."

Chini ya DDP, yaani kufikishiwa mzigo ushuru ukiwa umelipwa, muuzaji hulipa ushuru, lakini jina lako likiandikwa kama mwagizaji, deni ni lako. Wapo pia wanaoshusha thamani kwenye ankara ili walipe kidogo, na mzigo unazuiwa ukiwa wako. Mkataba utenge bei ya kipuri na ushuru kwenye mistari tofauti, utaje nani anabeba ongezeko linalotangazwa meli ikiwa baharini, na useme kalibu ulizolipia ni mali yako na zitachongwa jina lako. Bila kifungu hicho cha mwisho, siku ya kuhama kiwanda utaanza kulipia kalibu upya.