Kabla ya kuwekewa lenzi ndani ya jicho, pima nafasi

"Daktari, mimi ni hasi 12. Nafaa?" Swali hili hunifikia hata kabla mgonjwa hajaketi vizuri. Nikimwambia tupime kwanza, namwona ananyong'onyea, kwa sababu alidhani namba ya miwani yake imeshamaliza kila kitu. Namba hiyo inanieleza kwa nini amekuja. Kinachoamua kama atapasuliwa ni milimita chache za nafasi zilizomo ndani ya jicho lake, na hizo hakuna miwani inayoweza kuzisema.

Miopia kali, yaani kutoona mbali, ni jicho lililorefuka kupita kiasi. La kawaida lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Yale ninayoyaona kwa watu wa hasi 10 na kuendelea hupita 26, mengine hupita 28. Taswira hutua kabla ya kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaoipokea, basi cha mbali huwa ukungu mtupu. Watu hawa huvaa miwani ambayo mitaani huitwa ya chupa, na pamoja na uzito wake hiyo miwani hufanya kila kitu kionekane kidogo kuliko kilivyo.

Kwa nini tusitumie leza tu? Leza hufanya kazi kwa kupunguza unene wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Konea ina unene wa nusu milimita hivi, na kila dayopta moja, yaani namba moja ya miwani, hula takriban mikroni 12 hadi 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mtu wa hasi 10 nikimpiga leza nitakuwa nimemwondolea robo ya konea yake, na iliyoondoka haiwezi kurudishwa. Kwa namba kubwa kiasi hicho, mimi hapana.

Lenzi ya kupandikiza, ambayo wengi wanaijua kwa herufi ICL, haiondoi kitu. Ni kipande laini cha plastiki chenye kolajeni ndani yake. Hukunjwa na kupitishwa kwenye tundu la kama milimita 3, kisha hukunjuka na kukaa nyuma ya sehemu yenye rangi ya jicho, mbele ya lenzi yako ya kuzaliwa. Lenzi ya kuzaliwa hubaki mahali pake, hivyo kijana huendelea kusoma karibu bila taabu. Upasuaji wenyewe ni mfupi, ganzi mara nyingi ni ya matone tu, na wengi huanza kuona vizuri kesho yake. Watu hupenda kuniuliza sana kuhusu siku hiyo. Kusema kweli, siku hiyo ndiyo rahisi.

Ugumu uko kwenye vipimo. Chemba ya mbele ya jicho, yaani nafasi kati ya konea na lenzi ya asili, lazima iwe na kina cha kutosha. Vigezo vilivyoidhinishwa Marekani vinataka angalau milimita 3. Halafu kuna saizi. Aina iliyozoeleka ina saizi nne tu: milimita 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7, na kingo zake hukaa kwenye mfereji uliojificha ambao siuoni kwa jicho langu. Nategemea picha na hesabu. Ni kama kumchagulia kiatu mtu aliyejifunika blanketi. Nikiweka kubwa mno, lenzi itabetuka, itasukuma mbele sehemu yenye rangi na kubana njia ya maji, presha ya jicho ipande. Nikiweka ndogo, itakaribia mno lenzi ya asili na baada ya miaka inaweza kuleta mtoto wa jicho. Pengo ninalolitafuta kati ya lenzi hizo mbili ni kama mikroni 250 hadi 750. Ndiyo maana nawaambia wagonjwa wamuulize daktari yeyote, mimi nikiwemo: umewahi kulazimika kubadilisha lenzi kwa sababu ya saizi? Anayejibu kwamba haijamtokea hata siku moja, labda ndiyo kwanza anaanza.

Lenzi za sasa zina kitundu katikati, cha milimita 0.36, kinachopitisha maji ya jicho. Zamani tulilazimika kutoboa sehemu yenye rangi kwa leza kabla ya upasuaji. Kitundu hicho kimepunguza hofu ya presha na ya mtoto wa jicho, lakini usiku baadhi ya watu huona duara la mwanga kuzunguka taa. Wengi hulizoea. Dereva wa malori ya usiku nazungumza naye zaidi kidogo.

Kuna pia seli zilizotandaa upande wa ndani wa konea. Zikifa hazizaliwi nyingine, kwa hiyo nazihesabu kabla na naendelea kuzihesabu baadaye. Zikiwa chache tangu mwanzo, mjadala unaishia hapo.

Umri una neno lake. Idhini ya Marekani ya mwaka 2022 ilikuwa ya miaka 21 hadi 45, namba ikiwa haijasogea zaidi ya nusu dayopta kwa mwaka mzima. Mwenye miaka 44 namweleza wazi kwamba ataona mbali vizuri, kisha ataanza kutafuta miwani ya kusomea, kwani hiyo inakuja na umri na lenzi hii haiizuii. Mjamzito na anayenyonyesha nawaomba wasubiri. Na kama lenzi za kuvaa zinakukaa bila macho kukauka wala kuwasha, sioni haraka ya nini.

Linaloniudhi ni wanaopona na kupotea. Wanaona vizuri, basi wanajihesabu hawana miopia tena. Jicho bado ni refu vilevile, na retina imevutika vilevile kama kitambaa kilichotandikwa kwenye kitanda kikubwa kuliko chenyewe. Ndiyo maana natanua mboni na kukagua retina kabla ya kupandikiza, na ndiyo maana nataka kukuona kila mwaka. Ukiona mimweko ya mwanga, vitone vingi vipya vinavyoelea, au kivuli kama pazia linashuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Ni kweli kwamba lenzi hii inaweza kutolewa. Wengi wakisikia hivyo wanaona wameshapata dhamana, lakini kuitoa nako ni kuingia tena ndani ya jicho. Itatolewa hata hivyo siku utakapopata mtoto wa jicho uzeeni, na daktari wa siku hiyo atahitaji kujua jicho lako lilipimwaje na saizi gani iliwekwa. Kwa hiyo unapoondoka, omba karatasi ya vipimo na kadi ya lenzi, uzitunze pamoja na vyeti vyako.