Magodoro ya Montreux: jinsi Machine Head ilivyorekodiwa nje ya studio

Bendi au kwaya yoyote ya Kigoma inayoahirisha kurekodi kwa kuwa haijapata studio kubwa inapaswa kuisikiliza Machine Head, albamu ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka Machi 1972. Ni moja ya albamu za roki nzito zinazoheshimiwa kuliko zote, na hakuna wimbo wake hata mmoja uliorekodiwa ndani ya studio ya kawaida. Uzito wake umetokana na chumba kilichotayarishwa vizuri na watu watano waliopiga kwa pamoja.

Mpango wa awali ulikuwa kutumia kasino ya Montreux, kando ya Ziwa Geneva huko Uswisi. Tarehe 4 Desemba 1971, kabla kazi haijaanza, mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa alikuwa jukwaani humo, mtu katika hadhira akafyatua fataki kuelekea dari, na jengo zima likateketea. Moshi ule uliotanda juu ya ziwa ndio uliozaa Smoke on the Water, wimbo maarufu wa albamu hii. Bendi ikahamia ukumbi uitwao Pavilion, lakini kelele zikawaamsha majirani, polisi wakaja, na kilichopatikana pale ni msingi wa wimbo huo mmoja tu. Kimbilio la mwisho likawa Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi. Vyombo vilipangwa koridoni, magodoro ya hoteli yakasimamishwa kuwa kuta, na kebo zikavutwa hadi nje lilikoegeshwa gari la kurekodia la Rolling Stones. Fundi sauti alikuwa Martin Birch, ambaye baadaye alisimamia rekodi za bendi ya Iron Maiden.

Hapo kwenye magodoro nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapokosea. Vyumba tunavyotumia Mwanga na Ujiji vina kuta za saruji, sakafu ya vigae na bati juu. Ukipiga kofi, sauti inarudi mara nyingi kama mlio wa waya. Godoro la sponji la inchi 6 likibandikwa moja kwa moja ukutani hufanya kazi vizuri kuanzia takribani Hz 570 kwenda juu (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito zaidi). Lisogeze sentimita 15 kutoka ukutani, uache hewa nyuma yake, nalo litaanza kufaa kwenye takribani Hz 285. Godoro ni lilelile na hujaongeza hata shilingi. Vua kwanza ile nailoni ya dukani: plastiki inazirudisha sauti nyembamba chumbani, na matoazi yataendelea kukuchoma masikio. Kitambaa cha pamba kinapitisha sauti, kiache.

Godoro halitatui besi. Wimbi la Hz 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, na sponji ya inchi 6 hailigusi. Kwa hiyo toa amplifaya ya besi kwenye kona, ambako besi hujirundika, au ingiza gitaa la besi moja kwa moja kwenye kadi ya sauti ya kompyuta kupitia kiboksi cha DI, kinachounganisha gitaa na mashine ya kurekodia bila amplifaya, mpigaji asikilize kwa hedifoni.

Kosa lingine ni kuzungushia dramu magodoro pande zote nne. Ngoma zinakufa. Weka matatu kati ya dramu na amplifaya za gitaa, upande mwingine uuache wazi, chumba kipumue. Ukimsikiliza Ian Paice, mpiga dramu wa Deep Purple, mwanzoni mwa wimbo wa Space Truckin', utasikia ngoma zake zimekauka lakini bado zina hewa. Kwenye maiki fuata kanuni ya moja kwa tatu: maiki ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye spika ya gitaa, maiki inayofuata iwe mbali nayo kwa sentimita 30 au zaidi. Ukizibana, sauti moja inafika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo, na ukizichanganya gitaa linakonda. Jenereta ikae nyuma ya jengo, mbali kadiri waya unavyoruhusu. Na kama juu ni bati tupu, panga kazi ya Juni hadi Agosti. Mvua ya Kigoma haimngoji mwimbaji amalize ubeti.

Pale hotelini, kwenda garini kusikiliza kilichorekodiwa kulimaanisha kupita vyumbani na kwenye roshani, kwenye baridi kali. Bendi ikaacha kwenda. Walipiga hadi waliporidhika wenyewe, wakaendelea na wimbo mwingine. Kwa maoni yangu hilo lina mchango mkubwa kuliko kifaa chochote kilichokuwamo ndani ya gari lile. Leo kompyuta inatupa nafasi ya kurudia mara arobaini, na kufikia ya kumi mpiga dramu ameshachoka. Pima sauti mapema, vilele vya sauti viishie karibu na dB -12 kwenye kipimo cha kurekodia, ambako 0 ndiyo mwisho, kisha rekodi mara tatu na uchague.

Rifu ya Smoke on the Water, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, hupigwa vibaya kila mahali. Mpiga gitaa Ritchie Blackmore hatumii piki pale. Anachomoa uzi wa nne na wa tatu kwa pamoja, kwa kidole gumba na kidole kingine: wazi, freti 3, freti 5, wazi, 3, 6, 5, wazi, 3, 5, 3, wazi. Ukitumia piki, uzi mmoja unatangulia mwingine na ule ukali unapotea. Wapiga gitaa wetu wa sebene, ambao vidole vyao vimezoea kuchomoa nyuzi, wana nafasi nzuri ya kuipata haraka. Mpiga kinanda Jon Lord anaisindikiza kwa kinanda cha Hammond alichokipitisha kwenye amplifaya ya gitaa ya Marshall, na ndiyo maana ni vigumu kusikia gitaa linaishia wapi.

Albamu ilifika namba 1 Uingereza na namba 7 Marekani. Lakini bendi na kampuni waliutegemea wimbo mwingine, Never Before, wakautoa kama singo, nao ukaishia nafasi ya 35 Uingereza. Smoke on the Water ilikuja kutolewa kama singo Marekani mwaka 1973 tu, baada ya mashabiki kuukumbatia kwenye maonyesho na kwenye albamu yao ya Made in Japan iliyorekodiwa jukwaani Agosti 1972. Ukapanda hadi namba 4.

Ukitaka kujifunza kuchanganya sauti, tafuta toleo la Machine Head la mwaka 1997. Lina miksi mpya ya mpiga besi Roger Glover, na baadhi ya nyimbo zinaendelea kupita pale zilipozimwa mwaka 1972. Weka hedifoni, sikiliza wimbo wa Highway Star wa zamani kisha wa Glover, ukifuatilia besi peke yake.