Mtanziko wa kimaadili: baba, mwana na ulimwengu wa pili

Siku hizi watu husema "niko kwenye mtanziko" hata wanaposhindwa kuchagua shati la kuvaa. Huko ni kusitasita tu. Mtanziko wa kimaadili una sharti gumu zaidi: mtu anadaiwa mambo mawili, yote kwa haki, hawezi kuyatimiza yote, na lolote atakalolitenda atakuwa amemkosea mtu. Si kuchagua kati ya jema na baya. Anayelijua jema ila moyo unamvuta kwingine yumo majaribuni, na hilo ni jambo jingine, ingawa kwa nje hali hizi mbili hufanana kama shilingi kwa ya pili. Kutanzua ni kufungua kilichojifunga. Mtanziko ni fundo ambalo kila ukilifungua upande mmoja, linakaza upande wa pili.

Mfano unaotajwa sana ni wa mwanafalsafa Jean-Paul Sartre, aliousimulia katika mhadhara mjini Paris mwaka 1945. Wakati Ufaransa ilipokuwa chini ya Wajerumani, kijana mmoja alimjia kuomba ushauri. Kaka yake alikuwa ameuawa vitani mwaka 1940, na mama yao hakuwa na tegemeo jingine ila yeye. Je, aende Uingereza kujiunga na wapiganaji wa Ufaransa Huru, au abaki na mama? Sartre hakumpa jibu. Alimwambia yuko huru, basi achague mwenyewe.

Ona namna mizani ile ilivyo. Upande mmoja kuna mama, mtu mmoja mwenye sura na jina. Upande wa pili kuna taifa zima, kubwa kwa hesabu lakini lisilo na uso. Wajibu wa damu hauombwi wala hauchaguliwi, mtu huukuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ndiyo maana mwandishi wa tamthilia anayetafuta mtanziko wa kweli hahangaiki kwenda mbali, huingia ndani ya nyumba akafunga mlango.

Sasa tamthilia za kubuni za kisayansi zinaongeza nini hapo? Wengi watajibu vyombo vya angani na mashine. Mimi nasema zinaondoa neno "haiwezekani". Kuna kanuni ya kale katika maadili, ambayo aghalabu hunasibishwa na mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant, kwamba mtu hawezi kuwajibika kufanya asichokiweza. Mwana akifa, wajibu wa kumwokoa nao umekwisha. Kinachobaki ni kuomboleza. Kifo, pamoja na ukatili wake, humtua mzazi mzigo wa kuamua. Mwandishi anayemfungulia mzazi huyo mlango wa kumfikia mwana tena amemtwika upya mzigo uleule.

Sijaona mfano bora kuliko Fringe, tamthilia ya Marekani iliyorushwa na kituo cha televisheni cha Fox kuanzia 2008 hadi 2013. (Ambaye hajaitazama na hapendi kufichuliwa kisa, aishie hapa.) Mwanasayansi Walter Bishop, anayeigizwa na John Noble, amegundua ulimwengu sambamba na wetu, wenye watu walewale wanaoishi maisha tofauti kidogo. Mwaka 1985 mwanawe mdogo, Peter, anafariki kwa maradhi. Kupitia kifaa cha kuchungulia upande wa pili, Walter anamwona Peter wa huko akiugua ugonjwa uleule, na baba yake, yaani Walter mwingine, akihangaika na dawa. Dawa inafaulu katika dakika ileile ambayo baba yule amegeuza macho. Hakuiona. Walter wa huku ameiona.

Hapo ndipo penye fundo. Anajua kitakachomponya mtoto, na hakuna mwingine ajuaye. Anajua pia, na mwenzake wa maabara anamwonya, kwamba kuvuka ni kutoboa kinachozitenganisha dunia mbili. Ni mtoto mmoja mwenye uso wa mwanawe, dhidi ya watu asiowahi kuwaona. Anavuka. Kichupa cha dawa kinavunjika, na sasa hana budi kumleta mtoto huku ili amtibu.

Mpaka hapo ni mtanziko. Peter anapona, na Walter alikusudia kumrudisha kwao. Lakini mkewe Elizabeth anapomwona mtoto aliyekwisha kumzika amesimama mbele yake, hakuna kati yao anayeweza kumwachia. Kwa maoni yangu, hapa ndipo watazamaji wengi huchanganya mambo. Kumponya mtoto anayekufa ni wajibu. Kumbakiza mtoto wa watu ni haja ya moyo tu, kwa maana kule kuna mama na baba wanaomtafuta mwana aliyeibwa. Walter ametoka kwenye mtanziko akaingia majaribuni, na hakuhisi alipovuka mpaka huo wa pili. Ni haki kuongeza kwamba sehemu za baadaye zinamwonyesha akitafuta njia ya kumrudisha bila kuzidisha madhara, kwa hiyo mstari si mnyoofu kama ninavyouchora.

Upande wa pili, dunia inaanza kupasuka. Serikali ya huko inaziba nyufa kwa kaharabu, kitu kama utomvu wa mti, inayoganda papo hapo, na walionaswa ndani hubaki humo. Baba aliyeibiwa mwana anakuwa waziri wa ulinzi. Tunapowajua watu hawa kwa majina, ile nafuu ya kusema "watu asiowahi kuwaona" imeshaondoka.

Battlestar Galactica, tamthilia nyingine ya Marekani, ya binadamu wanaomkimbia adui angani, inaigeuza mizani: anayeamua ni rais, Laura Roslin, anayeagiza mama aambiwe kwamba mtoto wake mchanga amekufa, ilhali amekabidhiwa mwanamke mwingine amlee. Mtoto ana damu ya binadamu na ya adui. Mwamuzi ana taifa la kulinda, na gharama inalipwa na familia ya mtu mwingine.

Mtanziko wa kweli una alama nyingine. Bernard Williams, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1965 kwamba hata mtu akichagua vizuri kadiri inavyowezekana, lile aliloliacha halifutiki. Linabaki, kama baki katika hesabu ya kugawanya, na majuto yake si dalili kwamba alikosea hesabu. Uamuzi mgumu wa kawaida ukishatoka mtu hulala usingizi.

Walter halali. Katika msimu wa pili amemwomba Mungu ishara ya msamaha: tulipu nyeupe. Anakutana na mwanasayansi anayerudi nyuma katika wakati ili amwokoe mchumba wake aliyekufa katika ajali ya gari, na kila safari yake inaua walio karibu naye. Walter anamsihi aache, na katika kumsihi anamsimulia habari ya Peter na ya ile tulipu. Mtu yule anarudi nyuma mara ya mwisho, anaingia garini na mchumba wake, wanakufa pamoja. Wakati unajiandika upya, na mazungumzo yale hayakuwahi kutokea. Kisha Walter anapokea bahasha kwa posta. Ndani mna karatasi moja, yenye mchoro wa tulipu nyeupe. Hajui nani ameituma.