Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni: Ijue Siatika na Tiba Yake

Kinachouma ni mguu, lakini mara nyingi tatizo liko kiunoni. Kwa kutolijua hilo, mtu huchua paja na kigimbi wiki nzima, mwingine humeza dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au za "figo", na maumivu yako palepale. Siatika si jina la ugonjwa mmoja. Ni dalili kwamba neva ya siatiki, au mzizi wake mmojawapo, imebanwa au imechokozwa mahali fulani.

Neva hiyo ndiyo nene kuliko zote mwilini; unene wake unakaribia kidole gumba cha mkono. Mizizi yake inachomoza kwenye pingili za chini za kiuno na mfupa ulio nyuma ya nyonga, inaungana, inapita chini ya msuli mdogo ndani ya tako, kisha inashuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Kwa hiyo njia ya maumivu huutaja mzizi uliobanwa. Yakipita upande wa nje wa mguu hadi juu ya unyayo na kidole gumba, tunashuku mzizi wa tano wa kiuno: jaribu kutembea kwa visigino, uone kama ncha ya mguu huo inaanguka. Yakipita nyuma ya kigimbi hadi kisigino na kidole cha mwisho, tunashuku mzizi unaofuata chini yake: shika ukuta, usimame kwa ncha za vidole vya mguu huo peke yake. Maumivu yanayoishia takoni bila kuvuka goti mara nyingi hutoka kwenye misuli au viungo vya nyonga, jambo la kawaida kwa wajawazito.

Kisababishi kikuu ni diski, yaani mto ulio kati ya pingili na pingili. Una ganda gumu pembeni na ute mzito katikati. Ganda likichanika, ute hutokeza nyuma na kugusa mzizi wa neva. Hauishii kubana tu. Huamsha pia uvimbe, ndiyo maana mtokezo mdogo unaweza kumliza mtu mzima. Habari njema ni kwamba mwili wenyewe huula ute huo taratibu, hata vipande vikubwa, na wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu.

Kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 mara nyingi hali huwa tofauti: mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba. Mzee anatoka Soko la Majengo, Dodoma, kwa miguu na kulazimika kukaa kila baada ya muda mfupi, miguu ikiwa mizito na yenye ganzi, lakini juu ya baiskeli anakwenda mbali bila shida. Kuinama mbele kunaupanua mfereji huo, kusimama wima kunaubana.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mazoezi. Kwa siatika ya diski, lala kifudifudi dakika 2 au 3. Kisha inuka kwa viwiko, kaa hivyo dakika 2. Kisha sukuma kifua juu kwa mikono, nyonga zikibaki sakafuni, mara 10, na urudie kila baada ya saa 3 hivi. Angalia maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka kigimbini yakapanda pajani, kisha kiunoni, endelea, hata kama kiuno chenyewe kimeuma zaidi kidogo. Yakishuka kuelekea unyayoni, acha na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Mzee mwenye mfereji mwembamba afanye kinyume chake: alale chali, avute magoti yote mawili kifuani kwa sekunde 20, mara 5.

Kulala kitandani kusizidi siku 2. Baada ya hapo tembea dakika 10 asubuhi na jioni, ukiongeza kadiri unavyoweza. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5 hadi 7, huwasaidia baadhi, lakini si ya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba, na mwenye presha aulize kwanza. Vitamini B haitibu neva iliyobanwa na diski. Kuhusu sindano za diklofenaki za takoni tuseme wazi: ikichomwa vibaya inaweza kuijeruhi neva ileile ya siatiki, na mgonjwa akaondoka na mguu unaoburuta. Kama unaweza kumeza kidonge, meza kidonge.

Watu wa Dodoma wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi, maumivu ya kiuno na nyonga yenye homa za kuja na kuondoka yanaweza kuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito vinaweza kuashiria TB ya uti wa mgongo. Hapo vipimo vitangulie. Kumkanda mgongo mtu mwenye pingili iliyoliwa na TB ni hatari.

Eksirei huonyesha mifupa; diski na neva haizionyeshi. MRI huzionyesha, na Hospitali ya Benjamin Mkapa inacho kipimo hicho, ila hakihitajiki wiki za mwanzo kama mguu una nguvu. Kinahitajika haraka mguu unapozidi kulegea. Na ukipata ganzi msambani, mkojo ukikataa kutoka au haja ikitoka bila kujijua, hiyo ni dharura: nenda hospitali usiku huohuo, kwa kuwa ucheleweshaji unaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Upasuaji wa diski nje ya dharura hupunguza maumivu ya mguu mapema, lakini baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na wasiopasuliwa huwa karibu sawa.

Kurudi kazini kusingoje maumivu yaishe kabisa. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Beba madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, kwa wiki 6 za mwanzo. Kwenye mizabibu ya Hombolo au Mpunguzi, piga goti moja chini unapopogolea badala ya kuinama kiunoni, na kila dakika 20 simama, weka viganja kiunoni, jinyooshe nyuma mara 5. Dereva wa bajaji atoe pochi mfuko wa nyuma na ashuke kunyoosha miguu kila anaposubiri abiria.